Kazi Yenye Nafasi

Mume wangu analipwa kwa kutowaamini watu. Kwenye barua ya ajira wameandika kwa heshima kwamba yeye ni mpanga ratiba wa kampuni ya ujenzi, lakini ukikaa naye nyumba moja utaona kazi yenyewe ndiyo hiyo. Fundi wa plasta anamwambia ghorofa ya pili itamchukua siku kumi na mafundi sita. Yeye anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali, kisha anaandika siku saba na mafundi wanne. Fundi akiiona ratiba analalamika kidogo, kulinda heshima yake tu, halafu anamaliza kwa siku saba na mafundi wanne, kwa sababu alijua atapunguziwa na aliongeza mapema. Fundi bomba anaongeza, msimamizi wa zege anaongeza, hata mlinzi akitaka betri mbili za tochi anaomba nne. Wote wanatia chumvi, yeye anaipunguza, na majengo yanasimama.

Ndugu zake wanamwita Kalenda. Yeye analipenda jina hilo kuliko alilopewa na babu yake.

Sisemi haya kwa kumdharau. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na siwezi kujifanya malaika. Mteja akisema anataka nguo Ijumaa, najua anamaanisha Jumatatu. Nami nikimwahidi Ijumaa, anajua aje Jumatatu. Tunadanganyana kwa adabu na hakuna anayeumia. Tabu inakuja akitokea mtu mmoja anayesema Ijumaa na kumaanisha Ijumaa. Huyo ndiye atakayekwenda harusini na gauni lisilo na mikono.

Katika ukoo wa mume wangu mtu huyo alikuwa wifi yangu, dada yake anayemfuata kaka mkubwa. Alifiwa na mumewe mapema, hawakujaliwa mtoto, akarudi kukaa na mama yao. Sijawahi kumsikia akiomba kitu kamili. Ukimwuliza kama ana njaa, anasema angeweza kuonja kidogo, na ukimpakulia unaona hajala tangu asubuhi. Homa ikimlaza anasema mwili umechoka. Wenzake huongeza ili wapunguziwe, yeye anajipunguza mwenyewe kabla hujamgusa.

Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukafa, na maneno yakamwishia mdomoni. Alipotoka hospitali tulikutana sebuleni kwake, watoto wote wanne na sisi tuliooa na kuolewa. Kalenda alikuja na kompyuta yake, akaiweka juu ya stuli, akatuambia kwamba kumwuguza mama ni kazi kama kazi nyingine: inataka kujua itachukua muda gani na inahitaji watu wangapi. Daktari hakuweza kusema muda. Kompyuta ikakataa kuendelea bila muda, basi akaandika mwaka mmoja, na mdogo wao wa mwisho, ambaye ni mwalimu na wote tunamwita Mwalimu, akainuka akaenda kulia jikoni.

Kisha kila mtu akaulizwa anaweza nini. Shemeji mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari, alisema duka haliwezi kukaa bila yeye hata nusu saa, jambo lililonishangaza maana siku zote nikipita pale namkuta kijana wa dukani peke yake. Mwalimu alisema ana mitihani, na baada ya mitihani ana kusahihisha, na baada ya kusahihisha ana kuandaa mitihani. Kalenda aliwasikiliza, akawapunguzia visingizio vyao kwa theluthi kama mafundi wa plasta, na cha ajabu mambo yakakaa sawa. Shemeji akapewa Jumapili, Mwalimu akapewa jioni mbili, mimi nikapewa Jumamosi. Nilimwonea fahari mume wangu siku ile, siwezi kukana.

Zamu zote zilizobaki, mchana na usiku, zikaandikwa jina la dada. Yeye yupo palepale nyumbani, ndivyo tulivyosema. Kwenye kioo cha kompyuta jina lake likawaka jekundu, maana mashine ilikuwa imehesabu na kuona kazi aliyopewa ni ya watu wawili. Mume wangu akabonyeza mahali fulani na ule wekundu ukatoweka. Nilimwuliza baadaye alifanya nini. Akaniambia ni ujanja wa kawaida wa wapanga ratiba: mtu akizidiwa, na huna wa kumwongeza, unaiambia mashine kwamba yule ni wawili. Mashine haiwezi kutoka ndani ikaenda kumtazama.

Dada alipoulizwa yeye anataka nini, alisema kama inawezekana apate siku mbili za kupumzika kwa mwezi. Kalenda akaandika moja. Wifi akasema sawa, akaenda kumgeuza mama.

Nilianza kuona jambo miezi michache baadaye, Jumamosi moja ya zamu yangu. Wifi alinimiminia chai, na chai ikaingia nusu kikombeni nusu kwenye kisahani. Nikamtania kwamba amezeeka kabla ya wakati. Akacheka, akapapasa meza akitafuta kitambaa kilichokuwa mbele yake kabisa. Hapo kicheko changu kikakauka.

Nilimbana mpaka akasema. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa bila yeye kulitambua, na la kulia lilikuwa limebaki na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alikuwa amemwambia afanyiwe upasuaji kabla mwezi ule haujaisha, ili kilichobaki kisiende. Baada ya hapo asiiname wala asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita. Na mama, ingawa amekonda, ni mzito kama gunia la saruji kwa mtu anayemnyanyua peke yake.

"Umemwambia mdogo wako?" nilimwuliza.

"Nilimdokeza," akasema. "Ana mambo mengi."

Nikamwambia amwambie leo, mbele yangu. Kalenda alipokuja jioni kunichukua, wifi akamweleza akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, anakausha mikono ambayo haikuwa na maji. Mume wangu hakuwa na roho mbaya. Alisikitika kwelikweli, akamshika bega dada yake, akafungua kompyuta palepale. Kisha akauliza swali analowauliza mafundi wote.

"Daktari kasema mwisho wa mwezi. Haiwezi kusogea hata kidogo?"

Wifi akafikiri. Niliona anatafuta jibu litakalomsumbua mtu kwa uchache iwezekanavyo. "Labda kidogo," akasema. "Kama kuna ulazima."

Basi akaandika kidogo.

Ninataka ieleweke vizuri kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu watu wa ukoo wanasema ni bahati mbaya, na bahati haikuhusika. Katika ratiba za mume wangu kuna kazi zisizosogezwa, kwa sababu nyuma yake kuna kazi nyingine zinazosubiri: huwezi kupaua kabla ya kuta. Halafu kuna kazi ambazo hakuna kinachozisubiri. Unaweza kuzisukuma mbele na jengo halitachelewa hata siku moja. Hizo wanasema zina nafasi. Kupaka rangi uzio ni kazi yenye nafasi. Kupanda maua getini vilevile. Macho ya wifi yangu yaliwekwa katika kundi hilo, maana hakuna dawa ya mama wala zamu ya mtu iliyosubiri upasuaji wake uishe ndipo ianze.

Kila kilipotokea kitu, kilichosukumwa kilikuwa upasuaji wa macho. Shemeji mkubwa akasafiri kufuata mzigo wa dukani, na Jumapili zake zikataka mtu. Upasuaji ukasogea. Mwalimu akapata mitihani, safari hii ya kweli, na jioni zake zikaanguka. Ukasogea tena. Kisha kampuni ya mume wangu ikabakiza muda mfupi kukabidhi jengo la wodi mpya, naye akawa analala kwenye kiti ofisini. Ukasogea mara ya tatu. Kila mara alimpigia dada yake na kumwuliza kwa upole kama ataweza kuvumilia, na kila mara dada yake alisema ataweza.

Nilipigana naye. Si kwa ngumi, lakini siku ile majirani walizima redio ili wasikie vizuri. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilimwambia dada yake anashika ukuta kwenda chooni. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe: mistari yote kijani, kila zamu ya mama ina mtu, na mstari wa upasuaji umekaa mwishoni kwa utulivu kama mgeni aliyetangulia kufika ukumbini.

"Madaktari nao wanaongeza," akasema. "Wakisema mwezi, wana siku zao za akiba. Kila mtu ana akiba, mke wangu. Ningemwamini kila mtu nisingemaliza hata choo cha shimo."

"Wifi haongezi," nikamwambia. "Huyo akisema anaumwa kidogo, mwite mchimba kaburi."

Nadhani aliniamini kwa kiasi fulani. Lakini na mimi alikuwa ananijua. Ni mimi ninayemwambia sherehe ni saa nane wakati ni saa kumi, ili tusichelewe. Miaka yote ya ndoa yetu nimemwongezea na yeye amenipunguzia, na siku niliposema ukweli mtupu alinipunguzia vilevile. Akaileta tarehe ya upasuaji karibu kwa wiki moja, kunituliza, akaenda kazini.

Nilitaka kumchukua wifi kwa nguvu nimpeleke mwenyewe. Nilikwenda. Nilimkuta amemwegemeza mama kifuani, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, akiutafuta mdomo wa mama kwa kidole chake kidogo kabla ya kupeleka kijiko. Akaniuliza nani atabaki na mama kwa wiki sita. Nilikuwa na sare za shule nzima zimelala mezani zimekatwa na hazijashonwa, shule zinafunguliwa, na malipo ya awali nilishayala. Nikamwambia tutapata mtu. Akaniambia basi akipatikana huyo mtu, atakwenda. Alisema hivyo kwa upole kabisa, na mama akatutazama sote wawili kwa lile jicho lake lisilosema kitu.

Mtu alipatikana, ndiyo. Binamu yao mmoja alikubali kuja. Tarehe ikawekwa, na safari hii Kalenda aliniapia kwamba haitaguswa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Asubuhi moja, nimeshafungua chumba cha kushonea na jua limeingia mpaka kwenye cherehani, wifi akanipigia simu. Yeye si mtu wa kupiga simu asubuhi. Akanisalimia, akauliza hali ya watoto, akauliza kama nimekunywa chai. Kisha akasema:

"Wifi, kwenu umeme upo?"

Nilitazama dirishani. Watoto walikuwa wanapita kwenda shule, na jua lilikuwa kali kiasi cha kuwafanya wakunje uso. Nikamwambia asitoke kitandani, asijaribu kwenda popote, ninakuja. Nilikwenda na pini zikiwa bado zimechomekwa kwenye kifua cha nguo yangu. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama, ameushika mkono wake ule mzima, anamweleza kwamba kumekatika umeme mtaani na kwamba kutapambazuka sasa hivi.

Hospitali walimpasua hivyohivyo, mchana uleule, kwa kujaribu. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu. Alitueleza kwamba mshipa unaopeleka mwanga umekufa, na ukifa haurudi, na kwamba mgonjwa alitakiwa kuja miezi minne nyuma. Aliuliza kama hatukuambiwa. Mume wangu alisema tuliambiwa.

"Kwa hiyo ile tarehe ilikuwa ya kweli," akasema.

Daktari akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya mbali. Akasema tarehe zote anazotoa ni za kweli. Mume wangu akakaa kwenye benchi la korido, akaweka mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hana jambo la kuuliza. Nilikuwa na hasira naye hasa, hasira ya kutosha kumwacha palepale na kurudi nyumbani peke yangu. Lakini alikuwa anapapasa mifuko akitafuta cha kujifutia macho, na mimi ndiye niliyekuwa na leso, basi nikakaa.

Wiki mbili baadaye tulikutana tena sebuleni kwa mama. Maji yalikuwa yamezidi unga: sasa wagonjwa ni wawili, na yule aliyekuwa anahesabiwa watu wawili hayupo tena kwenye hesabu. Binamu alikuwa ameshaondoka. Shemeji mkubwa alileta sukari na sabuni na akakaa karibu na mlango. Mwalimu alikaa chini, miguuni pa dada yake, hakusema habari ya mitihani. Wifi alikuwa kwenye kiti cha mama cha zamani, kanga imefungwa vizuri kichwani, uso ameuelekeza mahali tulipokuwa sisi lakini pembeni kidogo, kwenye kabati la vyombo.

Kalenda akafungua kompyuta. Alianza kwa kumwuliza dada yake anahitaji nini, na akasema mbele ya wote kwamba atakachosema ndicho kitakachoandikwa.

Wifi akasema mtu wa kumshika mkono mpaka chooni, kwa wiki moja hivi. Akishazoea, basi, hatamsumbua mtu.

Mume wangu aliweka vidole juu ya vitufe, akabaki hivyo. Maisha yake yote anajua kugawa. Sasa alitakiwa kuzidisha, na hakujua azidishe kwa ngapi. Mwisho akaacha nafasi ile wazi, na mashine ikalia kidogo kudai muda, akaizima sauti.

Kisha akafika kwenye zamu za mama, mchana na usiku. Hakuuliza nani. Aliandika jina langu. Wote waliona. Sikushangaa, nilikuwa nimeshakubaliana na moyo wangu tangu siku ya ile simu, na cherehani nilishaifunika. Nilichotaka ni kuulizwa tu.

Akaniuliza, bila kuinua uso, nitahitaji siku ngapi za kupumzika kwa mwezi.

Siku nne zingenitosha. Nilishapiga hesabu hiyo usiku na mchana: moja ya soko, moja ya watoto, mbili za kulala. Lakini nimeishi na mtu huyu miaka mingi, na mdomo wangu una mazoea yake.

"Kumi," nikasema.

Nilisubiri apunguze. Shemeji naye alisubiri, nilimwona akinyoosha shingo. Mume wangu akaandika kumi. Hakusita, hakuuliza kama haziwezi kusogea. Akawagawia ndugu zake siku hizo moja moja pale pale, shemeji nne, Mwalimu tatu, yeye mwenyewe tatu, na kila mmoja aliitikia alipotajwa. Haikuchukua muda. Mistari yote ikawa kijani, na safari hii ilikuwa kijani ya kweli, hakuna mtu aliyegeuzwa wawili.

Wifi yangu alikuwa amesikia kila kitu. Aligeuza uso taratibu kutoka kwenye kabati, akatafuta sauti ya mdogo wake ilipotokea, akaipata.

"Kumbe siku zilikuwepo," akasema.

Hakusema kwa hasira. Kisha akaniuliza mimi kama mama ameshageuzwa.